Pampu ya umeme ya dizeli inapokufa tena na tena

Swali: "Lori langu la dizeli lina pampu ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye chasisi, karibu na tangi. Miezi minane iliyopita lilianza kupoteza nguvu kwenye vilima, hasa mafuta yakishuka chini ya nusu tangi, kisha siku moja likazima kabisa. Fundi akafunga pampu mpya, nikatembea vizuri kwa miezi mitano hivi, nayo ikafa, tukafunga nyingine mpya. Sasa hiyo pia imenyamaza. Nikifungua swichi siisikii ikinguruma, na starta inazungusha injini vizuri lakini haiwaki. Juzi niliigonga kwa spana ikazinduka, nikafika nyumbani. Fundi anasema huenda hata pampu kuu ya presha imekwisha. Je, ninunue pampu nyingine, nivute waya moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuweka swichi yangu, au niiondoe kabisa? Nimeambiwa pampu kuu inaweza kujinyonyea yenyewe."

Ndugu msomaji, umeuliza maswali matatu kwa mkupuo mmoja, lakini chini yake naona hofu moja: kwamba unatoa fedha kwa kubahatisha, na kwamba safari ijayo kitakachokufa kitakuwa kifaa cha bei kubwa zaidi. Hofu hiyo ina msingi. Usinunue pampu nyingine leo, wala usikubali pampu kuu ifunguliwe, mpaka mambo mawili yawe yamepimwa: umeme unaoifikia pampu wakati inafanya kazi, na mafuta yanayoufikia mdomo wake wa kunyonyea. Pampu ya namna hii ikifa baada ya miaka mingi, tunasema imezeeka. Zikifa mbili mpya ndani ya miezi minane, kuna kitu kinachoziua, na katika maelezo yako umekitaja bila kujua, pale uliposema "chini ya nusu tangi". Nitalirudia jambo hilo.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kifaa hiki, kwa sababu wengi hudhani kwamba ndicho kinachorusha mafuta ndani ya silinda. Sivyo. Pampu ya umeme ni mchota maji tu: inayatoa mafuta kwenye tangi, inayapitisha kwenye filta, na kuyafikisha kwa pampu kuu kwa presha ndogo, ambayo kwa injini nyingi haizidi bar chache (bar ni kipimo cha presha). Pampu kuu ndiyo inayoyakandamiza hadi mamia ya bar kwenye injini za zamani, na hadi zaidi ya bar 1,500 kwenye injini nyingi za sasa ambazo nozeli zake, yaani vinyunyizio vya mafuta ndani ya silinda, hulishwa kutoka kwenye bomba moja la pamoja. Tofauti hiyo ya ukubwa huwafanya watu waidharau pampu ndogo. Lakini pampu kuu haina oili ya kutosha ya kwake. Katika miundo mingi sehemu zake za ndani hulainishwa na kupozwa na dizeli ileile inayopita. Ikipokea mafuta kidogo, au mafuta yaliyochanganyika na hewa, chuma husuguana na chuma, na mwenye gari hajui lolote hadi siku injini inapogoma.

Mfano unaojulikana sana miongoni mwa mafundi wa dizeli ni malori madogo ya Dodge Ram ya mwishoni mwa mwaka 1998 hadi 2002 yenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na pampu kuu ya Bosch iitwayo VP44. Pampu ndogo ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa injini ikichoka, VP44 hukosa ubaridi na ulainisho, na si pampu tu inayoumia bali hata kompyuta yake iliyofungwa juu yake. Ndiyo sababu wamiliki wengi wa magari hayo hufunga geji ya presha mbele ya dereva na hushtuka ikisoma chini ya psi 10, yaani kama bar 0.7. Kwa hiyo fundi wako hajakosea kuifikiria pampu kuu. Amekosea kuitaja kabla ya kupima, kwa maana dalili zote ulizoeleza zinaweza kutokea huku pampu kuu ikiwa nzima kabisa.

Sasa tuje kwenye ukimya. Unasema ukifungua swichi huisikii ikinguruma, na umehitimisha kwamba imekufa. Jihadhari na hitimisho hilo. Katika magari mengi kompyuta huiwasha pampu kwa sekunde chache tu swichi inapofunguliwa, kisha huizima hadi injini ianze kuzunguka. Katika hizo Cummins nilizozitaja huwashwa kwa takriban sekunde 2, na starta ikiguswa kidogo bila injini kuwaka huendelea kwa sekunde 25 hivi, jambo ambalo mafundi hulitumia kutoa hewa na kupima presha. Magari mengine yana utaratibu tofauti. Injini za dizeli za General Motors za lita 6.5, kwa mfano, huiendesha pampu kupitia relei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme) wakati wa kupiga starta, na baada ya kuwaka umeme wake hupita kwenye swichi ya presha ya oili. Swichi hiyo ikiungua ndani, injini huwaka vizuri halafu pampu inakatika, gari linazidi kuishiwa nguvu, na watu hubadilisha pampu nzima huku ugonjwa ukiwa kwenye kidude kidogo kilichofungwa nyuma ya injini. Tafuta kitabu cha ufundi cha gari lako ujue ni lini hasa pampu inapaswa kulia, kisha mtu mmoja afungue swichi na mwingine aweke kiganja juu ya pampu.

Kuhusu kugonga kwa spana: mota yenye brashi za kaboni zilizolika, au iliyokwama kwa uchafu, huzinduka ikitikiswa, na mara nyingi hiyo ni dalili ya kweli kwamba pampu iko mwishoni. Lakini spana ile haikuitikisa mota peke yake. Ilitikisa pia soketi, waya, na boliti ya erthi iliyo jirani, yaani ile inayourudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia chasisi. Kama uliigonga pampu ikazinduka, jaribu siku nyingine kutoigonga, bali kuichezesha soketi kwa vidole. Ikilia, umejiokolea pampu.

Upande wa umeme ndio ninaouona ukipuuzwa kuliko yote, na hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka iliyopita nilimfungia mteja pampu mpya, nikamkabidhi gari, na baada ya wiki chache likarudi kwa kuvutwa. Tatizo lilikuwa boliti moja ya erthi kwenye chasisi iliyoliwa na kutu chini ya rangi. Mita yangu ilikuwa imeonyesha volti 12 kamili kwenye soketi, nikaridhika. Nilichosahau ni kwamba mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliobaki unyuzi mmoja unaweza kuonyesha volti zote ukiwa hauna mzigo, halafu ukaporomoka mara tu mota inapodai ampea zake. Mota iliyopewa volti 9 badala ya 12 huzunguka polepole, husukuma mafuta machache, na kwa kuwa mafuta hayohayo ndiyo yanayoipoza, hupata joto na kujimaliza.

Kwa hiyo pima ukiwa na mzigo. Anza na fyuzi, na kama imekatika usiweke kubwa zaidi, kwa sababu fyuzi haikatiki bila sababu: ama kuna waya uliochubuka na kugusa chasisi, ama mota imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Kisha chomoa soketi ya pampu na unganisha kati ya pini zake mbili balbu ya indiketa ya wati 21 (ya volti 12 au 24 kulingana na gari lako), halafu mwenzako afungue swichi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, njia ya umeme ina uhai. Ikiwaka kama mshumaa, kuna upinzani mahali fulani. Isipowaka kabisa, hamishia mguu wa erthi wa balbu moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Ikiwaka sasa, erthi ya pampu ndiyo mbovu.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha upotevu wa volti, nacho hufanywa pampu ikiwa imeunganishwa na inazunguka. Weka mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye pini ya chanya ya pampu, ukiingia kwa nyuma ya soketi. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani. Mimi siridhiki ikizidi nusu volti. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, ambako zaidi ya volti 0.2 hunifanya nianze kutafuta boliti za kusugua. Kama upotevu uko upande wa chanya, mtuhumiwa wa kwanza ni relei. Kwenye relei nyingi pini ya 30 hupokea umeme wa betri, ya 87 huupeleka kwenye pampu, na za 85 na 86 ni za koili, yaani sumaku ya umeme inayoiamuru relei. Ing'oe, unganisha tundu la 30 na la 87 kwa kipande cha waya chenye fyuzi, na usikilize. Pampu ikilia, kosa liko kwenye relei au kwenye amri inayoifikia koili. Isipolia, ilhali balbu iliwaka vizuri kwenye soketi, basi pampu imekufa kweli na hapo unaweza kununua nyingine kwa moyo mweupe.

Lakini hata hapo hujamaliza, maana bado hujajua kilichoiua. Turudi kwenye nusu tangi.

Mafuta yakiwa mengi, uzito wake husaidia kuyasukuma kuelekea kwenye pampu iliyo chini, hivyo pampu haihangaiki. Yakishuka, inabidi ivute kwa nguvu, na pampu hizi ni hodari wa kusukuma lakini dhaifu wa kunyonya. Kizuizi chochote kati ya tangi na pampu hujitokeza hapo: chujio la ndani ya tangi lililozibwa na utelezi wa vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana, hosi ya mpira iliyochakaa ndani na kujikunja inapovutwa, au tundu la kupumulia la tangi lililoziba. Hili la mwisho ni rahisi kulipima: gari likianza kudhoofika, simama mahali salama na ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kufyonzwa na gari likapata nguvu tena, umempata mhalifu.

Hata hivyo, gari linalodhoofika kwa kufuata kiwango cha mafuta hunifanya nishuku kwanza bomba la kunyonyea lililo ndani ya tangi. Likipasuka au kuliwa na kutu katikati, mafuta yakiwa juu ya ufa hakuna kinachoonekana. Yakishuka chini ya ufa, pampu huanza kunywa hewa pamoja na mafuta. Na kwa kuwa ufa wa upande wa kunyonya huingiza hewa badala ya kumwaga mafuta, hutaona tone hata moja chini ya gari. Pampu inayomeza hewa siku nyingi hukosa ulainisho na ubaridi, na miezi mitatu au mitano ndiyo umri ambao ningeutarajia. Sijaliona lori lako, lakini kama ningeulizwa nianze wapi, ningeanza hapo.

Kulithibitisha kunahitaji pampu inayozunguka, hata kama ni ya kuazima au hiyo yako ikikubali kuzinduliwa mara moja. Weka kipande cha hosi inayopenya nuru kati ya tangi na pampu, washa injini, na utazame mapovu. Viputo vichache vya mwanzo si kitu. Mkondo usiokatika ni hewa inayoingia. Kisha chomoa hosi ya kunyonyea, itumbukize kwenye dumu safi lenye dizeli safi lililofungwa vizuri lisipinduke, na uache gari lifanye kazi likiwa limesimama. Kama mafuta yasiyotumiwa na injini bado yanarudishwa tangini, angalia dumu lisikauke. Mapovu yakiisha na presha ikapanda, pampu, filta na pampu kuu vimeachiwa huru, na shauri ni la tangi na bomba lake.

Nimetaja presha kwa sababu sikio halitoshi. Geji ya presha ndogo ikifungwa baada ya filta hukuambia kile pampu kuu inachokipokea. Ukiifunga kabla ya filta pia, tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hali ya filta yako. Pima injini ikiwa inaunguruma taratibu, kisha ukiwa barabarani na mzigo, mwenzako akiisoma, kwa sababu mfumo uliochoka huweza kusoma vizuri gari likiwa limesimama na kuporomoka kwenye mlima. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha gari lako. Usikope ya gari la jirani.

Kuhusu swichi yako binafsi. Naelewa kishawishi chake, na ukiwa umekwama mahali pa hatari, waya wenye fyuzi karibu na betri unaweza kukufikisha kwenye karakana. Usiufanye wa kudumu. Mfumo wa kiwandani huizima pampu injini inapozima, na baadhi ya magari yana swichi ya kuikata yanapogongwa. Pampu yenye waya wa moja kwa moja huendelea kumwaga mafuta kwenye bomba lililokatika juu ya eksozi yenye moto, huku dereva akiwa amebanwa asiweze kuifikia swichi. Isitoshe, kama tatizo ni hewa, swichi haitaiondoa. Kama tatizo ni waya wenye upinzani, tafuta waya huo au vuta mpya unaoendeshwa na relei ileile ya kiwandani. Huo ni ukarabati wa halali na mara nyingi ni bora kuliko waya wa zamani.

Na kuendesha bila pampu? Aliyekuambia hakusema uongo mtupu. Yapo magari yaliyotoka kiwandani bila pampu ya umeme ya kusukumia, kama malori madogo ya Chevrolet na GMC yenye injini ya Duramax ya lita 6.6 yaliyoanza mwaka 2001, ambayo pampu yake kuu ilipewa uwezo wa kunyonya kutoka tangini. Lakini uwezo huo ulibuniwa tangu mwanzo. Gari lililobuniwa na pampu ya kusukumia, likinyimwa, huenda likawaka na hata kutembea, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu utadhani umeokoa fedha wakati pampu kuu inajila.

Kabla ya kukubali kwamba pampu kuu imekwisha, mwombe fundi ushahidi. Ipasuliwe filta ya zamani na karatasi yake itandazwe juani: vumbi linalometameta la chuma ni habari mbaya, na likionekana, gari lisiwashwe tena hadi mfumo mzima uchunguzwe, kwa kuwa chembe hizo huenda hadi kwenye nozeli. Ikiwa filta ina uchafu mweusi au maji tu, na presha ya kuingilia ilikuwa ndogo, pampu kuu bado haijahukumiwa. Angalia pia kijiti cha oili. Kiwango kikipanda na kunuka dizeli, huenda sili ya pampu kuu au nozeli inavujisha ndani ya injini, na gari hilo lisiendeshwe.

Ukifunga pampu mpya, badilisha filta, hosi zote za kunyonyea na klipu zake siku hiyohiyo, na uoshe tangi kama umekuta utelezi. Toa hewa kwa kutumia pampu yenyewe au pampu ya mkono, si kwa kuilazimisha starta. Starta isipigwe zaidi ya sekunde 15 hadi 20 kwa mara moja, na ipumzishwe dakika mbili kati ya jaribio na jaribio. Kamwe usilegeze bomba la presha kubwa kwenye injini ya kisasa inayozunguka, ingawa wazee wa kazi walifanya hivyo kwenye injini za zamani. Mchirizi wa presha hiyo hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na aliyechomwa hupelekwa hospitali saa hiyohiyo hata kama anaona tundu dogo kama la sindano. Kama gari lako ni la aina hiyo, kazi ya upande wa presha kubwa, pamoja na kusoma makosa kwenye kompyuta, iachie karakana yenye vifaa.

Pampu zilizokufa, kama hujazitupa, zifungue kwa msumeno mezani ukiwa umekwisha kumwaga mafuta yote. Brashi zilizolika huku kila kitu kingine kikiwa safi zinanielekeza kwenye ubora wa pampu yenyewe. Kutu na matope kwenye mdomo wa kunyonyea vinanielekeza tangini. Sehemu za kusukumia zilizokwaruzwa na kubadilika rangi kwa joto, ndani ya pampu iliyo safi, zinanipeleka moja kwa moja kwenye bomba lile lenye ufa.